Mtoto Akija na Swali la Skuli, Tusimfukuze

Liko neno moja ambalo limezoeleka mno majumbani mwetu hapa pwani, hata hakuna tena anayelisikia uzito wake. Mtoto atoka skuli na mkoba unaomwelemea, afungua daftari, aja kwa babake au mamake au nyanyake na swali alilopewa na mwalimu. Naye mkubwa, bila ya hata kuutupia jicho ule ukurasa, ajibu: "Mimi sikusoma, mwanangu. Kamuulize mwalimu wako." Basi mtoto afunga daftari lake. Siku ya pili afanya hivyo hivyo, na siku ya tatu haji tena.

Nasema wazi, na mwenye kunipinga na anipinge, kwamba neno hili mara nyingi si la kweli. Aghalabu yule mzazi anayelisema analijua jibu, tena analijua kuliko kitabu. Analijua kwa Kiswahili, na swali limeandikwa kwa Kiingereza. Wawili hao hawajapata mtu wa kuwakutanisha. Mtoto amekaa katikati, na elimu iko upande huu na upande huu, naye hana daraja la kuvukia.

Mimi si mwalimu wa kuajiriwa. Nilifanya kazi ya ukarani bandarini miaka mingi mpaka nikastaafu, na sasa baada ya sala ya magharibi hukaa barazani pangu hapa Mji wa Kale wa Mombasa, vijana wa mtaani wakaniletea maswali yao. Huja na kila namna: jiografia, kemia, historia, hesabu, dini, fizikia, Kiswahili. Wengi wao wamo katika ule mpango wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, ambao mtihani wake wa kidato cha nne ulifanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1989 na ambao sasa unaondoka kuupisha mwingine. Mpango waweza kubadilika, lakini maswali ni yale yale, na mtoto wa kufukuzwa na swali lake ni yule yule.

Nianze na bahari, maana sisi tumezaliwa juu ya kisiwa.

Kijana mmoja wa kidato cha tatu, babake ni mvuvi, alinijia na swali la jiografia lililomtaka aeleze yale maji makubwa ya bahari ambayo hujaa mno na kupwa mno. Kitabu cha Kiingereza huyaita kwa neno ambalo pia ni jina la ule msimu wa Ulaya ambapo baridi kali huondoka na miti ikachanua maua. Kijana akashika hilo hilo. Akaandika nusu ukurasa kwamba maji hayo hutokea baada ya baridi kwisha, kwa sababu theluji imeyeyuka. Mwalimu akaipiga kazi yote mstari mwekundu, naye hakujua kosa lake liko wapi.

Nikamuuliza, "Babako huenda mwambani kutafuta pweza siku gani?"

"Siku za bamvua, babu."

"Na bamvua ni lini?"

Akacheka, akaona namuuliza mambo ya watoto wadogo. "Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, kumi na nne, kumi na tano."

"Maji hupwa mno saa ngapi siku hizo?"

"Saa nne, saa tano asubuhi."

"Na mwezi ukiwa nusu?"

"Huwa maji mafu. Hayajai sana wala hayapwi sana."

Nikamwambia: bwana, umekwisha kulijibu swali la mwalimu wako, imebaki kusema sababu tu. Mwezi huyavuta maji ya bahari, na jua nalo huyavuta, ingawa mvuto wa jua juu ya maji ni mdogo kuliko wa mwezi. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, jua na mwezi na dunia huwa katika mstari mmoja, mivuto miwili ikasaidiana, na hilo ndilo bamvua. Maji hapa Mombasa hupanda na kushuka mita 3 na zaidi. Mwezi ukiwa nusu, wa tarehe saba, nane, na tena ishirini na moja, ishirini na mbili, jua huvutia upande mmoja na mwezi upande mwingine, wakapunguziana nguvu. Hayo ndiyo maji mafu. Lile neno la Kiingereza halihusiani na maua wala theluji: lina maana nyingine, ya kuruka kwenda juu, na maji ya bamvua ndivyo yafanyavyo.

Nawauliza wasomaji, ni nani katika nyumba ile aliyekuwa hajui? Baba analijua bamvua kwa kuhesabu tarehe za mwezi wa Kiislamu, zile zile tunazofungia na kufungulia Ramadhani. Mtoto analijua kwa babake. Mtoto aliyezaliwa mbali na bahari hulikariri jambo hili kutoka kitabuni, picha ya duara na mishale, na Mungu amsaidie asisahau. Wetu anaishi nalo kila mwezi, kisha anakosa alama kwa kuwa hakuna aliyemwambia kuwa hili la kitabuni na lile la babake ni kitu kimoja.

Ndivyo ilivyo pia kwa upepo. Skuli humtaka mtoto aeleze kwa nini mchana upepo hutoka baharini kuja nchi kavu, na usiku hugeuka. Kila aliyetembea miguu mitupu ufuoni saa saba mchana anajua kuwa mchanga unachoma na maji yamepoa, na jua ni moja. Hapo pana somo zima la fizikia: kilo moja ya maji yataka kiasi cha jouli 4,200 ili kupanda joto digrii moja, na kilo ya mchanga haihitaji hata robo ya hizo. Nchi kavu hupata joto upesi, hewa yake ikapanda, ya baharini ikaja kujaza nafasi. Manahodha wetu waliutumia upepo huo kutoka na kuingia bandarini bila ya kuhesabu jouli hata moja.

Sasa niseme la mirathi, ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Yuko binti wa kidato cha tatu, hodari wa madrasa. Katika faraidhi maalimu wake humtolea mfano kwa wenzake. Lakini hesabu za skuli, hasa za sehemu na uwiano, zilikuwa zinamliza. Alinijia na kitabu, machozi yako karibu, akaniambia, "Babu, mimi hesabu sikuumbiwa." Nikakifunga kitabu. Nikamwambia: mtu amekufa, kaacha mke mmoja, mtoto wa kiume mmoja na mabinti wawili. Baada ya mazishi, madeni na wasia, zimebaki shilingi 960,000. Gawa.

Hata sikumaliza kuvuta pumzi. "Mke ana thumuni kwa kuwa kuna watoto, 120,000. Zabaki 840,000. Mwanamume ana mafungu mawili, kila binti fungu moja, ni mafungu manne. Fungu ni 210,000. Mabinti 210,000 kila mmoja, mwanamume 420,000."

Nikafungua tena kitabu chake, nikamwonyesha swali lililomliza: watu watatu wanagawana faida kwa uwiano wa mbili kwa moja kwa moja, baada ya kutoa sehemu moja ya nane. Akalitazama kwa muda. Kisha akanitazama mimi kwa hasira kidogo, kama kwamba mtu alimficha jambo. Na kweli alifichwa, ingawa hakuna aliyekusudia. Maalimu wa madrasa humfundisha thumuni na mwalimu wa skuli humfundisha sehemu moja ya nane, na hawa wawili, wanaopita njia moja kila siku, hawajapata kuulizana nini wanafundisha.

Tena hapa pana jambo la kuchekesha kama si la kusikitisha. Hiyo aljebra inayowatoa jasho vijana wetu ilipata jina lake kutokana na kitabu cha al-Khwarizmi, kilichoandikwa Baghdad katika zama za Khalifa al-Ma'mun, yapata miaka 1,200 iliyopita. Na sehemu kubwa ya kitabu hicho ni nini? Ni masuala ya mirathi na wasia. Yule bwana hakuiona hesabu kuwa ni chumba kimoja na faraidhi kuwa ni chumba kingine. Aliandika kwa ajili ya watu waliotaka kugawana mali kwa haki kama Surat An-Nisaa ilivyoamuru. Sisi ndio tuliojenga ukuta katikati, na binti yule akagonga kichwa chake hapo.

Ukuta huu una historia yake, na si haki kuwalaumu wazee wetu bila ya kuikumbuka. Wakati wa Mwingereza, skuli nyingi zilikuwa mikononi mwa misheni, na Mwislamu aliyempeleka mtoto wake huko alikuwa na khofu ya kweli kwamba atarudi na dini nyingine. Watu wakakaa na vyuo vyao. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya mwaka 1937, alilipigia kelele jambo hili katika gazeti lake la Al-Islah alilolianzisha mwaka 1932, akiwataka Waislamu wa pwani waishike elimu ya dini na ya dunia pamoja. Hii leo khofu ile imekwisha. Watoto wanakwenda skuli asubuhi na madrasa jioni au mwisho wa juma. Lakini zile elimu mbili bado hazijasalimiana.

Kuna wanaoniambia kuwa nawapotezea vijana wakati. Mzazi mmoja alinifuata mpaka barazani: "Mzee, mtihani ni Novemba. Mpe mwanangu majibu, hadithi za pweza baadaye." Simlaumu. Amelipa karo kwa taabu, na anajua ya kuwa cheti cha kidato cha nne kina herufi moja juu yake, kutoka A mpaka E, na herufi hiyo itamfuata kijana katika kila ofisi atakayobisha hodi. Lakini nilimjibu kuwa huko kwenye mtihani ndiko hasa majibu ya kukariri yanakowaangusha. Mtahini hageuzi elimu, hugeuza swali.

Ngoja nitoe mfano wa historia. Vasco da Gama alifika Mombasa mwezi wa Aprili 1498, hakupatana na wenyeji, akaenda Malindi, akapokewa na kupewa rubani, na tarehe 20 Mei akawa amefika Calicut, Bara Hindi. Kijana wangu mmoja alikuwa amekariri kwamba rubani huyo ni Ahmad ibn Majid. Jina hili limo katika vitabu vingi, ingawa wachunguzi wengi wa leo hawalikubali, na waandishi wa Kireno wenyewe wanamtaja rubani wa Kigujarati. Sawa, hilo ni jambo zuri kulijua na kulijadili. Lakini swali aliloulizwa lilikuwa: eleza kwa nini Malindi ilishirikiana na Wareno ilhali Mombasa iliwapinga. Yeye kaandika ukurasa mzima juu ya safari na rubani, na hata mstari mmoja hakuandika juu ya ushindani wa Malindi na Mombasa katika biashara na ukubwa, na jinsi mfalme wa Malindi alivyotafuta rafiki mwenye mizinga. Kapata sufuri. Alikuwa na jibu mkononi, akalitoa kabla ya kusikia anaulizwa nini.

Kwa hiyo kwangu kijana haandiki neno mpaka alisome swali mara mbili na kuniambia kitenzi chake. Kama ni taja, basi taja, usihutubie. Kama ni eleza, kutaja peke yake hakutoshi, lazima useme sababu au namna. Ukiambiwa linganisha, usiandike habari za huyu mpaka mwisho ndipo uanze za yule. Waweke ubavu kwa ubavu. Na ukiambiwa jadili, mtahini ataka kusikia pande zote mbili kisha uamuzi wako. Halafu atazame alama zilizoandikwa pembeni. Swali la alama mbili halistahili ukurasa. Haya hayana siri, na mzazi asiyejua kemia wala fizikia aweza kumuuliza mwanawe: "Umeambiwa ufanye nini hapa?" Swali hilo moja lina faida kuliko tuisheni nyingi za mwisho wa juma.

Kemia nitaipitia upesi. Vijana hukariri kwamba kalsiamu kaboneti ikipata moto mkali hutoa kaboni dioksaidi ikabaki kalsiamu oksaidi, na hii ikitiwa maji hutokota. Wapelekeni wakaone palipokuwa na tanuu la chokaa, au wamuulize fundi mzee wa Lamu. Matumbawe yalichomwa kwa magogo, yakamwagiwa maji, yakawa chokaa cha kujengea. Na chokaa ukutani huivuta tena ile hewa iliyotoka, kikarudi kuwa jiwe. Nyumba za mawe za Lamu na magofu ya Gedi ni somo hilo hilo lililosimama miaka mamia.

La mwisho linaniuma zaidi, maana ni la lugha yetu wenyewe. Mtoto wa Mombasa huandika insha, akaweka "mato" mahali pa "macho", au "ndia" mahali pa "njia", kama anavyozungumza nyanyake. Mwalimu humtilia kosa. Simlaumu mwalimu, mtihani ni wa Kiswahili sanifu, na mtoto hana budi kukijua. Kiswahili hicho kilijengwa juu ya Kiunguja, na uamuzi wenyewe ulipitishwa katika mkutano wa mwaka 1928 uliofanyika, tazama ajabu, hapa hapa Mombasa. Lakini wiki ya pili mtoto huyo huyo hupewa karatasi ya fasihi, akaona "mato" ndani ya shairi, akatakiwa aeleze jinsi mshairi alivyotumia uhuru wake. Hapo neno lililokuwa kosa limekuwa pambo lenye alama mbili! Mtoto asiyeambiwa kitu huona kuwa lugha ya nyanyake ni ya makosa hai, ikawa ya sanaa akishakufa. Mimi huwaambia: hiki ni Kimvita, ndicho alichotungia Muyaka bin Haji. Katika insha andika sanifu, katika shairi itaje lahaja kwa jina lake, na nyumbani sema na nyanyako kama anavyosema nawe.

Na simu? Sina ugomvi nayo. Siku hizi yajibu swali lolote kwa nukta moja, na mara nyingi yajibu sawa. Lakini kijana mmoja aliniletea maelezo ya umbo la shairi aliyoyanakili kutoka humo, yakisema kila mshororo una mizani 12. Nikamwambia alisome kwa sauti, agonge meza kwa kila silabi. Akagonga mara nane, akapumua, akagonga nane tena. Tangu siku hiyo, hata simu ikimjibu, yeye hugonga meza kwanza.

Yule binti wa mirathi naye amenigeukia. Juzi alinijia na suala jipya: mwanamke amekufa, hana mtoto wala wazazi, kaacha mume na dada wawili wa baba mmoja na mama mmoja. Mume ana nusu, na hao dada wana thuluthi mbili. Akaniuliza, huku ameficha tabasamu, "Babu, nusu na thuluthi mbili zikijumlishwa zinapita moja. Mali itatoka wapi?" Waliosoma faraidhi wanajua kuwa mafungu hupandishwa kutoka sita yakawa saba, mume akachukua matatu na dada manne. Sikumwambia. Nimemtuma amuulize maalimu wake wa madrasa, kisha amuulize mwalimu wake wa hesabu, wote wawili, na Alhamisi baada ya magharibi aniletee majibu yao katika karatasi moja.